Subira Huvuta Nini? Joto, Mawingu na Vitabu Vitatu vya Jangwa la Sonora

Methali zetu za hali ya hewa zilitungwa na watu waliokuwa na imani na mvua yao. "Dalili ya mvua ni mawingu," tunasema, na ukiwa Tanga au Bukoba hakuna ubishi: wingu likifanya weusi, anua nguo. Sasa ipeleke methali hiyo Jangwa la Sonora, kusini mwa Arizona na kaskazini mwa Meksiko, mwishoni mwa Juni, uone itakavyoaibika. Alasiri mawingu yanajikusanya juu ya milima. Yanapanda, yananenepa, yanaiva kwa chini. Wakati mwingine mvua yenyewe unaiona kwa macho, imening'inia kama pazia la kijivu, halafu haifiki ardhini. Hewa ni kavu na ya moto kiasi kwamba matone yanakaukia njiani. Jioni mawingu yanatawanyika. Kesho yanarudi tena kukudanganya.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma vitabu vya jangwa hilo, na sababu yangu ni ya kikazi kuliko ya kimapenzi. Mimi ni mwandishi wa habari. Kila Julai habari za joto la Arizona zinatua mezani zikiwa namba tupu: nyuzi kadhaa, siku kadhaa mfululizo, waliokufa kadhaa. Tunazitafsiri, tunaweka picha ya kipimajoto, tunapita. Nilitaka kujua kama fasihi ina namna nyingine ya kulisema joto, namna ambayo habari haina. Jibu nililolipata si lile nililolitarajia. Nilidhani nitakuta wachoraji hodari wa jua. Vitabu vilivyonishika havikushughulika sana na jua. Vimeandika kungoja. Na tofauti kati ya kitabu na kitabu iko hapo hapo: nani anangoja, anangoja akiwa na nini mkononi, na je, ana uwezo wa kungoja?

Kwanza tuelewane kuhusu msimu wenyewe. Wanaolijua jangwa la Sonora huugawa mwaka wake katika misimu mitano, si minne. Kiangazi chao kina sehemu mbili. Mei na Juni ni kiangazi kikavu: mbingu nyeupe, joto linapita nyuzi 40 za Selsiasi, hakuna hata tone. Kisha, kwa kawaida mwanzoni mwa Julai, upepo unageuka. Ardhi iliyopikwa kwa wiki nyingi inaanza kuvuta hewa yenye unyevu kutoka kusini, upande wa Ghuba ya California na Bahari ya Pasifiki, na mvua za radi zinaanza. Zinapiga alasiri, kwa fujo, mahali hapa na si pale. Makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu yanageuka mito kwa dakika chache na kubeba magari. Mji wa Tucson hupata karibu nusu ya mvua yake ya mwaka mzima katika kipindi hicho.

Wenyewe wanakiita monsuni. Neno hilo sisi tunalo tangu zamani, ila tumelivalisha kanzu nyingine. Limetoka katika Kiarabu, *mawsim*, likapita kwa Wareno hadi kwa Waingereza. Lilipofika pwani yetu likawa *msimu*. Mzizi mmoja, watoto wawili. Waingereza wakabaki na upepo na mvua. Sisi tukabaki na wakati. Nadhani sisi ndio tuliolipata lile lenye manufaa zaidi kwa msomaji wa fasihi hii, maana joto la jangwani halieleweki kama kiwango. Linaeleweka kama wakati: limeanza lini, litaisha lini, na nani atakuwa hai likiisha.

Tunalo pia neno lingine ambalo vitabu hivi vya Kiingereza vinahangaika kulitafuta kwa sentensi nzima: fukuto. Joto lenye maji ndani yake, lile linalokubana kifua kabla mvua haijaanguka. Hadi 2008, watabiri wa hali ya hewa wa Tucson walisema monsuni imeanza pale kipimo chao cha umande kilipofika wastani wa nyuzi 54 za Farenhaiti, kama 12 za Selsiasi, kwa siku tatu mfululizo. Kwa maneno mengine, walikuwa wanapima fukuto. Baadaye wakaamua kurahisisha mambo: monsuni ni kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba, mvua inyeshe isinyeshe. Kiofisi inafaa. Lakini tarehe hiyo imeufuta msimu mzima wa kungoja. Tarehe 15 Juni, kwenye kalenda, mvua imeshaanza. Nje, ardhi bado inaungua.

Kitabu cha wasioweza kungoja

Nianze na kinachosomwa zaidi. *The Devil's Highway* cha Luis Alberto Urrea kilitoka 2004 na kikafika fainali ya tuzo ya Pulitzer. Ni simulizi la kweli. Mei 2001, wanaume 26 kutoka Meksiko walivuka mpaka na kuingia Arizona kwa miguu, wakiongozwa na wasafirishaji haramu. Wakapotea. Kumi na wanne wakafa kwa joto na kiu.

Urrea anaandika kwa hasira, na hasira yake imesoma. Anaeleza namna sera ya mpakani ya Marekani, tangu 1994, ilivyoziba njia za mijini na kuwasukuma wavukaji jangwani kwa hesabu kwamba jangwa litawatisha warudi. Anawapa sura wakulima wa kahawa waliokopa fedha ili wafe. Anawasikiliza hata askari wa doria, jambo ambalo waandishi wengi wa upande wake wasingekubali kulifanya. Sura anayoeleza jinsi joto linavyoua, hatua kwa hatua, kuanzia uchovu hadi ubongo kuchemka, ni ngumu kuisoma ukiwa umekaa. Anaiandika kwa nafsi ya pili. Si "walikauka", ni wewe unakauka. Nilisimama mara mbili kwenda kunywa maji, na sioni aibu kusema hivyo.

Hata hivyo nina ugomvi nacho. Urrea amelifanya jangwa kuwa shetani. Jina la kitabu ni la njia ya kale ipitayo huko, sawa, lakini yeye analichukua jina na kulijaza: mizimu, laana, hekaya za wamisionari waliokufa. Joto lake halina kalenda. Limekuwepo tangu dunia iumbwe na lina nia mbaya. Sasa hapo ndipo hoja yake mwenyewe inapopungua nguvu. Kama jangwa ni shetani, basi aliyewaua ni shetani. Lakini ushahidi aliouweka mezani unasema vingine. Watu wale waliuawa na ratiba: walipelekwa mahali pakavu kuliko pote katika mwezi mkavu kuliko yote, wakiwa na galoni chache za maji, na watu ambao biashara yao ilitaka waondoke siku ile ile. Monsuni ilikuwa bado wiki sita au saba mbele. Hata mtoto aliyezaliwa jangwani angewaambia wasiende Mei.

Sisi tuna methali ya kuwapoza wenye shida: subira huvuta heri. Wanaume wa Urrea hawakukosa subira. Walikosa nafasi ya kuitumia. Deni halingoji Julai. Ukikisoma kitabu hiki kwa jicho hilo, ukiyaweka pembeni mashetani na kufuata tarehe tu, kinakuwa kikali zaidi kuliko mwandishi wake alivyokusudia. Karibu na mwisho, Urrea anapohesabu gharama ya kuzirudisha maiti kwa ndege na kuuliza fedha hizo zingefanya nini kama zingefika vijijini kwao mapema, hapo ameacha mizimu na kusema kweli. Kurasa hizo ndizo ningempa mwanafunzi wa uandishi wa habari.

Kitabu cha mgeni mwenye adabu

Gary Paul Nabhan ni mtaalamu wa mimea na namna watu wanavyoitumia. *The Desert Smells Like Rain* kilitoka 1982, na jina lake limetokana na jibu la mtoto: Nabhan alimuuliza mvulana wa huko jangwa linanukia nini kwake, na mtoto, bila kufikiria sana, akajibu kwamba linanukia mvua. Jibu la ajabu kwa mahali penye mvua haba namna hiyo, ila lina sababu. Kuna kichaka kinachoitwa kreosoti kimeenea jangwa lote, majani yake yana utomvu, na yakilowa harufu yake inajaza bonde zima. Kwa mtoto yule jangwa si ukavu. Ni mahali panapoijua mvua kwa jina.

Watu ambao Nabhan aliishi kati yao ni Tohono O'odham, maana yake watu wa jangwani. Wakati ule wageni waliwaita Papago. 1986 wenyewe walilikataa rasmi jina hilo. Mkulima wao wa jadi halimi kwa kufuata mto, maana mto hakuna. Analima pale korongo linapoishia na kutawanya maji yake. Kabla mvua haijaja anatengeneza vizuizi vya matawi na kusafisha mifereji, shamba likiwa vumbi tupu. Gharika ikishuka, anapanda haraka maharage ya tepari, yale madogo yanayokomaa kabla unyevu haujaisha. Nabhan anaonyesha, bila kuhubiri, kwamba kwa watu hawa kungoja ni kazi ya mikono. Mwenye shamba ambalo halijatengenezwa, hata mvua ikinyesha, imempita.

Sura ninayoipenda inalinganisha chemchemi mbili za jangwani. Moja iko upande wa Marekani, ndani ya hifadhi, wakulima walishaondolewa ili "asili" ibaki peke yake. Nyingine iko upande wa Meksiko, watu bado wanalima na kumwagilia. Ndege wa aina nyingi zaidi walihesabiwa kwenye ile inayolimwa. Ukishaisoma sura hiyo huwezi tena kumwamini mwandishi anayekuuzia jangwa "tupu".

Udhaifu wa Nabhan ni udhaifu wa mgeni mwenye adabu. Anavua viatu mlangoni, anakula anachopewa, hasemi vibaya. Kwa hiyo shida za wenyeji, umaskini, mpaka uliowakata katikati, magonjwa, zinapita kama kivuli pembeni ya ukurasa. Na mara kwa mara anakuwa mhusika mkuu wa mshangao wake mwenyewe. Ila namsamehe kwa sababu moja: anauliza maswali halafu anaacha jibu la mwenyeji lisimame bila kulirekebisha. Waandishi wangapi wanaweza hilo?

Kitabu cha wanaovuta

Ofelia Zepeda hahitaji kuvua viatu, yuko nyumbani. Alizaliwa Stanfield, Arizona, kwenye mashamba ya pamba, katika familia ya O'odham. Akawa mwanaisimu, akaandika sarufi ya lugha yake iliyochapishwa 1983, na 1999 akapata tuzo ya MacArthur. Diwani yake *Ocean Power* ilitoka 1995. Ni kitabu chembamba. Utakimaliza kwa jioni moja, kisha utakirudia.

Ili uusome vizuri lazima ujue jambo moja. Mwishoni mwa Juni, katikati ya lile joto ambalo Urrea analiita la shetani, kaktasi kubwa aina ya saguaro zinaivisha matunda juu kabisa, mita nyingi kutoka chini. Watu huyaangua kwa mti mrefu uliotengenezwa kwa mbavu kavu za saguaro yenyewe. Sharubati yake inachachushwa kuwa kilevi, na kilevi hicho kinanywewa katika sherehe ya kuyashusha mawingu. Kwa O'odham mwaka mpya unaanza hapo. Tafakari kidogo: wakati ambapo sisi wa habari tunaandika kwamba jangwa limekufa kwa joto, wao ndio wanafungua mwaka.

Shairi moja la Zepeda linaitwa "Pulling Down the Clouds", kuyavuta mawingu chini. Anayesema anakusudia kuyatungua mawingu kwa mti ule ule wa kuangulia matunda. Kisha shairi linageuka, na tunamwona mtu aliyelala, usingizi wake unasumbuliwa na ngurumo za mbali, na pua yake inaamka kabla yake: udongo umelowa mahali fulani. Ndiyo hivyo tu. Hakuna dhoruba, hakuna kilele. Mshairi mwingine angetupa radi na mafuriko. Zepeda anaishia kwenye pua, kwa sababu anaandikia watu ambao harufu inawatosha kuelewa kila kitu.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Sisi tunasema subira *huvuta* heri. Kitenzi ni kile kile. Kwa mazoea tumeisikia methali hiyo kama wito wa kukaa kimya: tulia, yatakuja. Lakini kuvuta ni kazi. Anayevuta ana kamba mkononi, au mti wa kuangulia. Na si jambo geni kwetu: watawala wa Kilindi kule Usambara walihesabiwa kuwa na mamlaka juu ya mvua, na wazee wa kuomba mvua wapo katika kumbukumbu za jamii nyingi za huku. Sina maana kwamba sherehe inawasha mvua kama swichi, na Zepeda hadai hivyo. Ninachosema ni kwamba katika mashairi yake mtu ni sehemu ya msimu. Joto halimtokei. Analiingia akiwa na shughuli.

Sikifanyi kitabu kitakatifu. Kuna mashairi yanayoeleza mno, kana kwamba mwalimu amemshinda mshairi. Kuna mistari ya Kiingereza iliyo ya kawaida kiasi kwamba unashangaa imebaki kwa nini, hadi uilinganishe na ile ya O'odham iliyo jirani na kuona urudiaji wake, hata kama huelewi neno. Wapo wasomaji watakaolalamika kwamba wamefungiwa nje. Mimi nimeona vingine. Sisi tuliozoea kusoma fasihi ikiomba radhi kwa kila neno la kikwetu tunapaswa kuwa wa kwanza kufurahi mtu akikataa kuomba radhi.

Kwa nini yatuhusu

Mwaka 2023, mji wa Phoenix ulipata siku 31 mfululizo za joto la kufikia au kupita nyuzi 110 za Farenhaiti, zaidi ya 43 za Selsiasi, kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai. Monsuni ya mwaka huo ilikuwa kavu kuliko zote zilizorekodiwa pale. Katika kaunti ya Maricopa, ambako mji huo upo, vifo 645 vilihusishwa na joto. Karibu nusu ya waliokufa hawakuwa na makazi. Wengine walifia ndani, nyumbani kwao, kiyoyozi kikiwa kimeharibika.

Ukitoka kusoma vitabu hivi vitatu, namba hiyo inabadilika. Unaona kwamba katika mji mmoja, chini ya wingu moja lisilonyesha, kulikuwa na kungoja kwa aina mbili. Yupo aliyengoja ndani ya nyuzi 24 akitazama programu ya hali ya hewa kwenye simu, na kwake kuchelewa kwa mvua ni usumbufu. Na yupo aliyengoja kwenye lami. Joto lilikuwa moja. Subira hazikuwa moja. Hilo ndilo ambalo habari yangu ya maneno 300 haijawahi kulisema, na kipimajoto hakiwezi kulisema.

Ndiyo maana nadhani hata uhakiki wetu unahitaji kuwa mkali zaidi kwenye jambo hili. Tumezoea kusifu maelezo ya hali ya hewa katika riwaya kama mapambo: "mwandishi amechora mandhari kwa ustadi." Jua linawaka ukurasa wa kwanza, mhusika anafuta jasho, basi, halitajwi tena. Linganisha na Ngũgĩ wa Thiong'o katika *Petals of Blood* (1977), ambako ukame unawaondoa wanakijiji wa Ilmorog na kuwatembeza hadi mji mkuu kudai haki yao. Pale ukame si mandhari. Ni sababu ya watu kuinuka, na safari inaonyesha nani anawajibika. Swali la kumuuliza mwandishi wa joto lisiwe "amelichora vizuri?" Liwe: katika joto hili, nani ana maji, nani ana deni, na nani ana mti wa kuangulia?

Ukitaka kuvisoma, nashauri uanze na Urrea, kwa sababu hasira inafungua macho. Fuata Nabhan, upate kujua kwamba mahali pale palipoua watu 14 pamelisha watu kwa karne nyingi. Zepeda msome mwisho, na taratibu, ikiwezekana siku za Februari au Machi ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, kaskazi inakufa, shati limegandia mgongoni na masika bado hayajafika. Utakuwa na fukuto la kutosha kumwelewa.